Dagaa Hana Taa

Bilombele aliniuzia vitano, elfu moja kila kimoja,
vya plastiki, rangi ya kamasi ya mtoto mwenye mafua.
"Vimulike kidogo na tochi," akasema, "halafu tufunge mlango uone."
Mchana kweupe, Kibirizi, wanaume wawili wenye ndevu
tumejifungia dukani kutazama plastiki,
na kweli, kiganjani mwangu viliwaka
kama macho ya paka aliyeiba.

Nyumbani ninavyo vingine.
Hivyo havina pakiti. Nilivikata mwenyewe
kwa mkasi wa bati, kutoka kifuniko cha sufuria ya Mauwa,
nikavisugua kwa mchanga na jivu,
nikavifunga unyoya wa jogoo tuliyemchinja Idi.
Haviwaki.
Ukivitia mfukoni ni bati tu linalokuchoma paja.

Usiku wa giza, mimi na Anzuruni
tulitoka mpaka taa za mji zikawa makombo mezani
na simu ikatukaribisha Burundi, tusikokwenda.
Tukawasha taa za sola. Dagaa wakaja,
wakazunguka, wakazunguka.
Chini yao, pale mwanga unapochoka,
migebuka wanasubiri. Huwaoni.
Unawajua kwa kidole kilichoshika mshipi.

Mshipi mmoja, ndoana kumi. Bati au plastiki?
Nikaanza na plastiki, zile tano zikipishana na ndoana tupu,
maana pesa imeshatoka,
na pesa iliyotoka lazima itetewe.

Nikamulika kwa simu. Nikateremsha pima ishirini.
Mara ya kwanza: mmoja, mwembamba, mwenye haraka zake.
Mara ya pili mshipi ulinyamaza kama mdeni.
Nikavuta: vimefifia. Nikamulika.
Nikateremsha. Nikavuta. Nikamulika.
Chaji asilimia kumi na saba. Asilimia tisa.
Upande wa pili Anzuruni, na bati zake zilizopinda,
alihesabu samaki kimoyomoyo, kisha kwa sauti,
kisha akaacha kuhesabu, kwa huruma.

"Bwana we," akasema,
"umewahi kumwona dagaa mwenye taa?"

Sikumjibu. Nilitazama maji.
Dagaa mmoja akageuza ubavu, akawaka,
akageuka tena, akawa maji.
Ule mwanga haukuwa wake. Aliuazima kwetu
akaurudisha papo hapo, bila riba.
Na hicho ndicho mgebuka anachokifukuza,
kule kuwaka na kuzima,
kosa dogo la ubavu wa anayekimbia.
Changu kiliwaka tu, kikaendelea kuwaka,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikafunga bati. Kumi?
Hapana, tisa.
Kimoja cha plastiki nilikiacha kwenye ndoana ya mwisho,
huko chini ambako taa zetu hazifiki
na bati halina wa kumkopa.
Elfu tano ni elfu tano.

Walikuja. Mshipi uliimba mpaka vidole vikachanika.
Yule mkubwa, aliyetufanya tukae chini wote wawili,
sijui alishika ndoana ipi.
Nilikuwa nimechoka. Sikutazama.

Alfajiri mwenye barafu aliuliza kilo.
Nani alikufa kwa bati, nani kwa plastiki,
hilo halikumhusu.
Juu ya barafu migebuka wote hung'aa sawa.

Nyumbani Mauwa alikuwa anapika wali.
Kifuniko kimeng'atwa upande mmoja kama chapati,
mvuke unatokea hapo, naye ameziba kwa kisahani,
na juu ya kisahani ameweka jiwe.
"Bado kinafaa," nikasema,
"kimebaki kipande kizuri hapo katikati."
Hakusema kitu. Aligeuka, akanitazama.
Macho yake yaliwaka
na hakuna aliyeyamulika.